Nilivyochagua springi za Hilux kwa njia ya Muheza hadi Amani

Nikisimamisha gari sokoni Ngamiani, hapa Tanga mjini, hakosi kijana wa kuniuliza, "Mama, umenyanyua inchi ngapi?" Namjibu, kisha nami namuuliza yeye gari lake linabeba kilo ngapi. Wengi hunishangaa. Lakini kwa niliyoyapitia, kazi ya kunyanyua gari huanzia kwenye mzigo. Ukishaujua uzito, na barabara yako ukaijua, urefu unakuja wenyewe. Naandika kwa sababu elimu hii nimeilipia, na kwa sababu huku Tanga na Muheza naona magari yaliyopandishwa juu kwa namna inayonitia hofu, tena mengine yamejaa abiria.

Kazi yangu ni viungo. Napanda Amani na vijiji vya jirani kununua iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, nashusha Muheza au nafika nao Tanga mjini. Anayeijua njia ile hahitaji kuelezwa. Ukiiacha lami ya Muheza unaingia kwenye udongo mwekundu, kona juu ya kona, mawe kwenye miinuko, na masika yakianza Machi udongo unakuwa utelezi mtupu. Malori ya chai yanachimba mifereji miwili ya magurudumu na katikati linabaki tuta. Gari lililokaa chini linalala juu ya tuta kwa tumbo, magurudumu yanazunguka bure, na hapo unasubiri watu wa kijiji waje na majembe.

Kwa hiyo nilipoiona hii Hilux dabo kebini ya dizeli, ya mwaka 2009, ikiwa tayari imenyanyuliwa na mwenye nayo wa kwanza, nilifurahi. Ilikaa juu, matairi yake makubwa, bampa la mbele la chuma. Nilidhani nimepunguziwa gharama.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Kwenye lami ya Segera, nikifika mwendo wa 80 usukani ulikuwa unatangatanga, unataka kurekebishwa muda wote, na baada ya kona haurudi wenyewe. Kwenye barabara mbovu, kila gurudumu la mbele likitumbukia shimoni nasikia chuma kikigonga chuma. Mipira ya draivu shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu ya mbele) ikapasuka, grisi ikatapakaa ndani ya rimu. Nikabadilisha mipira, ikapasuka tena.

Kisha ikaja siku ya breki. Nilikuwa nateremka kutoka Amani na mzigo wa kilo 600 hivi, mdogo wangu kando yangu. Tulianza kusikia harufu ya kuungua, nikadhani ni gari la mbele. Kona mbili baadaye pedali ikaenda chini kuliko kawaida na gari halikupungua mwendo kama nilivyotaka. Nilirudisha gia hadi ya kwanza, injini ikalia, nikalielekeza gari upande wa mlima, mbali na korongo, likasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanafuka moshi. Ya nyuma niliyasogezea mkono, yalikuwa na uvuguvugu tu. Mikono ilinitetemeka, na mdogo wangu alilia. Tulikaa pale hadi breki zikapoa kabisa, tukateremka na gia nzito mwendo wa mtu kwa miguu.

Nililipeleka gari kwa fundi mmoja mzee hapa mjini, mtu aliyetengeneza Land Rover miaka mingi. Nilimwamkia, nikamweleza, akaingia chini na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka akasema, "Mwanangu, hili gari limedanganywa. Breki zake zinaamini halijabeba kitu."

Akanionyesha. Chini ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, kuna vali ndogo yenye fimbo iliyoungwa na ekseli. Gari likibeba mzigo, chasisi inashuka, fimbo inasogea, na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Likiwa tupu chasisi iko juu, vali inabana ili magurudumu mepesi ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Aliyelinyanyua gari aliongeza urefu nyuma bila kuigusa fimbo ile. Tangu siku hiyo chasisi ilikaa juu muda wote, na vali ikawa inabana hata nikiwa na kilo 600. Breki za mbele zilifanya kazi ya magurudumu yote manne kwenye mteremko wa Amani. Kama gari lako lina vali hii na limenyanyuliwa, acha kusoma uende ukaitazame. Kurekebisha fimbo au kuweka kishikio kirefu zaidi ni kazi ndogo, lakini ifanywe na fundi anayejua, kisha breki zijaribiwe gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.

Hayakuishia hapo. Mbele kulikuwa na spesa, yaani vipande vya chuma vya kuongezea urefu, juu ya shokapu. Fundi alinieleza jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: spesa ya milimita 25 ikiwekwa pale hainyanyui gari milimita 25. Shokapu imeshikwa katikati ya mkono wa chini (chuma kinachounga gurudumu na chasisi), gurudumu liko mwishoni, kwa hiyo gari hupanda karibu mara mbili ya unene wa spesa. Aliyeweka alitaka gari liwe juu akalipata, lakini gurudumu likining'inia mkono wa juu ulikuwa unaigonga koili, yaani springi ya mbele iliyosokotwa. Alama ya chuma kilichokwanguka ilionekana wazi. Draivu shafti nazo zilikaa kwenye pembe kali mno, ndiyo maana mipira haikudumu. Mpira wa breki wa gurudumu la kushoto ulikuwa umevutika kama kamba ya nguo. Na ile pembe ya usukani ambayo mafundi wa alaimenti huiita kasta ilikuwa imepungua, ndipo ukaja ule utangaji wa kwenye lami.

Nyuma palikuwa na vipande vya chuma vimewekwa kati ya springi na ekseli. Ni njia ya bei ndogo na watu wengi wanaitumia. Shida yake ni kwamba ekseli inapovuta kwa nguvu mlimani, kipande kile kinaipa nafasi zaidi ya kuizungusha springi, majani (vyuma bapa vya springi) yanajipinda na gari linarukaruka pale pale unapotaka litulie lishike ardhi. Ukikuta vipande viwili vimepandana, usilipande gari hilo.

"Nifanyeje?" nilimuuliza. Akaniambia nitoe vyote, gari lirudi urefu wake wa kiwandani, kisha nikalipime.

Kupima kwenyewe nataka nikueleze vizuri, kwa sababu ndiko kulikoniokolea pesa. Usipime kutoka chini hadi bampa, maana upepo wa tairi unabadilisha jibu. Weka gari mahali sawa, magurudumu yaangalie mbele, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) kwenda juu wima hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Andika. Pakia mzigo wako wa kawaida, pima tena, andika. Langu likiwa tupu, nyuma ilikuwa juu kuliko mbele kwa sentimita 5 hivi. Nilipopakia, mkia ulishuka sentimita 8, kwa hiyo pua ilibaki juu na taa zikawa zinawapiga machoni wanaokuja.

Kisha mizani. Mwenye ghala mmoja ninayemuuzia ana mizani ya magari, alinikubalia. Unapandisha magurudumu ya mbele peke yake, unasoma; unapandisha gari zima, unasoma; unatoa. Tangi likiwa limejaa na mimi nikiwa ndani, mbele ilikuwa kilo 1,060 na nyuma 820. Na mzigo wa kilo 600, mbele ikawa 1,090 na nyuma 1,390. Kumbe karibu mzigo wote unaikalia ekseli ya nyuma. Namba hizo nne ndizo nilizokwenda nazo dukani.

Hapa niseme jambo moja kwa nguvu zote: springi ngumu haziliongezei gari ruhusa ya kubeba. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, chasisi ni ile ile. Uzito wa mwisho aliouweka mtengenezaji unabaki pale pale. Springi mpya zinakusaidia kuubeba mzigo wako halali bila mkia kulala. Wanaoongeza majani ili wapakie tani na nusu wanajitafutia chasisi iliyokatika nyuma ya kebini.

Hapa Tanga sikupata nilichotaka, nikapiga simu Dar es Salaam. Muuzaji wa kwanza aliniuliza nataka inchi ngapi. Wa pili aliniuliza bampa ni la chuma au la plastiki, kama nina winchi (mashine ya kujivuta kwa waya), betri ni ngapi, nyuma nabeba nini na mara ngapi narudi mtupu. Nilinunua kwa wa pili. Watengenezaji wa Australia kama Old Man Emu, Dobinsons na Ironman hupanga springi zao kwa uzito: gari lile lile moja lina koili za mbele nyepesi kwa bampa la kawaida, na nzito zaidi kwa bampa la chuma au winchi, nyuma zipo za gari linalotembea tupu, zipo za mzigo wa wastani usioshuka, zipo za mzigo mzito wa kudumu. Ukichukua koili ya winchi wakati huna winchi, pua itapanda juu na gari litakuwa gumu kama gogo la mnazi.

Mbele uamuzi ulikuwa rahisi kwa kuwa bampa langu ni la chuma. Nyuma ndiko nilikofikiri sana. Nabeba kilo 600, basi si nichukue ngumu kuliko zote? Hapana, na sababu yake iko kwenye njia yenyewe. Mimi napanda mtupu na kushuka na mzigo. Kupanda Amani wakati wa mvua ndiyo safari ngumu, na nakwenda bila uzito nyuma. Springi ya mzigo mzito ikiwa haina mzigo haikubali kubonyea, gurudumu linarukaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata, na gurudumu lisilogusa udongo halivuti. Anayebeba vifaa vyake saa zote, kama mafundi wa minara ya simu, anahitaji springi nyingine kabisa hata kama mizigo yetu kwenye mizani inalingana. Nikachukua ya wastani, nikakubali kwamba nikijaza kabisa mkia utashuka kidogo.

Urefu tuliokubaliana ni milimita 40. Nilitamani zaidi, kwa sababu ya lile tuta la katikati. Fundi alinizuia kwa maelezo niliyoyaelewa: kwenye Hilux yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, ukivuka kiasi hicho unaanza kuhitaji mikono mipya ya juu, wakati mwingine na kuishusha difu ya mbele (kibuyu cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu) ili draivu shafti zisikae kwenye pembe mbaya, na bei inapanda mara mbili. Tena gurudumu lina safari yake ya kupanda na kushuka. Ukinyanyua kwa koili, unachopata juu unakitoa kwenye kushuka, na kwenye mifereji ya Amani nahitaji gurudumu lishuke.

Na kuhusu tuta lenyewe, kuna jambo linalowaponyoka wengi. Springi ndefu hainyanyui difu ya nyuma hata milimita moja. Difu imo kwenye ekseli, ekseli inakaa juu ya magurudumu, springi ziko juu yake. Kinachoinyanyua ni tairi. Gari langu lilikuwa na matairi ya 265/70R16, yenye kimo cha milimita 777 hivi. Ya 265/75R16 yana 804. Tofauti ni milimita 27, na difu inapata nusu yake, kama 13. Ni kidogo, lakini nilikutana na tuta lililokwangua difu yangu kila wiki na sasa haliikwangui. Difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi, hiyo inapanda pamoja na gari. Tairi kubwa pia linapunguza usomaji wa spidi: mshale ukionyesha 80, kama mita yako ilikuwa sahihi, unakwenda karibu 83. Matairi niliyaahirisha hadi ya zamani yalipoisha.

Sasa gharama, kwa sababu watu huzificha. Koili mbili, springi mbili za nyuma na bushi zake, shekeli (vishikio vya ncha ya springi), yu-bolti mpya (zinazobana springi kwenye ekseli) na shokapu nne zilinitoka shilingi milioni 3 na laki 4. Ufundi laki 2 na nusu. Boli jointi za juu na tairodi zilikuwa zimekwisha kwa ajili ya mateso ya zile spesa, laki 3 na ushee. Ni karibu faida yangu ya msimu mzima wa iliki. Mume wangu aliniuliza kama nina hakika, nami usiku ule sikulala vizuri. Lakini nilikuwa nimeiona pedali ikienda chini na mdogo wangu akiwa pembeni. Kama pesa haitoshi yote, anza na usalama: ondoa kilichowekwa vibaya, rudisha springi za kiwandani zilizo nzima, weka shokapu nzuri. Gari la kiwandani lenye shokapu nzima linapanda Amani kuliko lililonyanyuliwa na shokapu zilizokufa.

Siku ya kufunga nilishinda gereji, nakushauri nawe ushinde. Mambo mawili nisingeyajua nisingekuwepo. Kwanza, yu-bolti za zamani hazirudishwi. Zimeshavutika, haziwezi kubana tena inavyotakiwa. Pili, boliti zinazopita kwenye bushi za mpira hazikazwi kabisa gari likiwa juu ya stendi. Kijana wa gereji alikuwa ameshika spana anataka kumaliza, mzee akamkataza: "Lishushe kwanza lisimame kwa miguu yake." Bushi ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unabaki umesokotwa maisha yake yote, unachanika mapema, na gari linakaa juu kwa uongo wa siku chache kabla halijashuka.

Baada ya hapo alirekebisha fimbo ya ile vali ya breki, akakagua mipira ya breki huku usukani ukikatwa hadi mwisho pande zote, akashusha taa. Alaimenti nilifanya mara mbili, ya kwanza siku ile ile na ya pili springi zilipokwisha kukaa. Omba karatasi yenye vipimo na utazame kasta. Fundi akikupangia toe peke yake (namna magurudumu yanavyoelekeana kwa mbele), utangaji hautaisha. Yu-bolti zilikazwa upya baada ya kilomita mia tano hivi, na mbili zilikuwa zimelegea.

Sasa likiwa tupu nyuma bado iko juu kwa sentimita 5. Kuna watu wanaona hilo ni kasoro na wanataka kulisawazisha kwa kuinua pua. Ukisawazisha pikapu ikiwa tupu, siku ya mzigo itakaa mkia chini. Langu nikipakia kilo 600 linashuka sentimita 5 na linakuwa sawa kabisa, na huo ndio usawa nilioutafuta.

Yapo niliyoyapoteza. Gari likiwa juu, uzito wake nao uko juu, na kwenye ile miteremko ya ubavu kabla ya kufika Amani nalisikia likiegemea zaidi kuliko zamani. Magunia ya mdalasini nayalaza chini, sipandishi kitu juu ya keria. Wapakiaji wanalalamika kwamba bodi imekwenda mbali, na mama yangu hawezi tena kupanda bila kushikwa mkono, nimemchomelea kidaraja. Bima niliwaandikia kuwaeleza mabadiliko, nikabaki na nakala, maana ajali ikitokea sitaki mtu aje kuniambia gari hili silo walilolikatia.

Ukienda kununua gari lililokwisha kunyanyuliwa, chukua tochi na tepu. Lala chini. Tazama juu ya shokapu za mbele kama kuna spesa, kati ya springi na ekseli kama kuna vipande vya chuma, mkono wa juu kama una alama ya kugonga koili, mipira ya draivu shafti kama imetoa grisi. Ifuate fimbo ya vali ya breki uone kama imewahi kuguswa. Muulize mwenye gari aliyelifunga ni nani na springi zake ni za uzito gani. Asipojua, punguza kwenye bei gharama ya kuanza upya, na usilipandishe mlimani hadi fundi wako amelikagua.